Barua kwa mwanangu: usiwe na pupa ya kukuza

Mwanangu mpenzi,

Picha zako za ndege, ulizopiga kwa simu kupitia darubini, nimezipata. Ya kwanza ni giza tupu lenye kitobo cha mwanga katikati, ya pili ina ndege, au tuseme mkia wake. Nami nilianzia hapo hapo.

Hilo duara jeusi si ubovu wa simu. Mwanga hutoka kwenye darubini ukiwa mwali mwembamba, na lenzi ya simu isipokaa katikati ya mwali huo, tena kwa umbali unaofaa, kingo huwa nyeusi. Mkono pekee hauwezi kuishikilia sawasawa, tafuta adapta, yaani kifaa cha kubana simu kwenye darubini. Zungusha kile kikombe cha mpira cha kuwekea jicho, kiinuke au kishuke, mpaka duara lipanuke. Weusi utakaobaki uondoe kwa kukuza kidogo kwenye simu. Na uangalie ni lenzi kuu inayofanya kazi, maana simu za siku hizi hujibadilishia lenzi bila kuuliza.

Sasa pupa. Najua umeizungusha pete ya kukuzia ya darubini hadi mara 60. Nani asiyefanya hivyo siku ya kwanza? Piga hesabu: gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Yako ni ya milimita 80. Kwenye 20, mwali una upana wa milimita 4. Kwenye 60 haufiki hata milimita moja na nusu. Simu ikikosa mwanga huvuta muda kupiga picha moja, na kila mtikisiko unaonekana. Tena hiyo 20 si haba: lenzi ya simu yenye urefu wa fokasi (si kipenyo) wa milimita 26 inakuwa sawa na ya milimita 520, ambayo wapiga picha wengine huibeba begani kama mzinga.

Kwa hiyo mtafute ndege kwenye 20, mlenge vizuri kwa gurudumu la darubini, kisha gusa kioo cha simu na ushikilie ili fokasi, yaani ulengaji wa picha, isihame. Usiinue nguzo ya katikati ya stendi, upepo utaitikisa. Weka kihesabu muda cha sekunde 2, kidole kisiguse chochote wakati wa kupiga.

Anza na korongo aliyesimama majini. Mbayuwayu waache kwanza. Yangeyange naye ni mweupe mno, shusha mwangaza wa picha, la sivyo manyoya yote yatakuwa chokaa. Nenda asubuhi, maana jua likishapanda hewa ya mbali huchezacheza na hakuna lenzi itakayokuokoa. Kwenye kiota usikaribie, darubini ni ya kukaa mbali.

Mwaka 1999 Laurence Poh wa Malaysia aliegemeza kamera ndogo ya dijitali kwenye darubini yake, na wengi wakamfuata.

Ile picha ya mkia usiifute. Mama yako anadai ni mdiria, mimi nakataa.

Baba yako