Wazee wasifungiwe peke yao

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu hii hoja inayorudi kila tukiongelea janga la korona, eti wazee ndo wafungiwe ndani kwa masharti makali halafu sisi wengine tuendelee na shughuli zetu. Umri unaongeza hatari ya kufa kwa Covid, hilo sibishi. Ila kumfungia mzee mlango sio kukifungia kirusi, maana anayemletea chakula, anayemwogesha na anayempa dawa ni watu wanaotoka huko huko nje kila siku. Sweden walipiga marufuku kutembelea nyumba za wazee kuanzia Aprili 2020 na bado ugonjwa ukaingia.

Uturuki nao Machi 2020 waliwazuia wote wa miaka 65 na kuendelea kutoka nje, mpaka Mei ndo wakapewa masaa manne ya Jumapili wakanyooshe miguu. Sasa mtu wa umri huo akikaa tu wiki saba unadhani misuli inarudi kirahisi? Magoti yanakaza, presha inapanda, kliniki haendi, na wa kupiga naye stori hayupo (simu ya dakika mbili haihesabiki jamani).

Napendekeza serikali zikipanga tena zianze na wanaowahudumia wazee, wapewe vipimo, barakoa na likizo ya ugonjwa yenye malipo, ili mtu asije kazini anakohoa kwa kuogopa kukatwa mshahara. Na mzee mwenyewe aulizwe anataka nini, akili zake si anazo.

Msomaji wenu