Kabla ya mjadala wa Jumamosi

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi saa 2 usiku: anayesema Mungu yupo na anayesema hayupo, nani alete ushahidi?

Naomba mtafakari mfano wa mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell wa mwaka 1952. Nikidai kuna birika la chai linazunguka Jua kati ya Dunia na Mirihi, dogo hata darubini hailioni, kushindwa kwenu kunikanusha hakunipi ushindi. Waliosoma fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, wanaijua kanuni hiyo: ushahidi ni juu ya mdai.

Ila anayetamka "hakuna Mungu" naye amedai; anayesema "sijashawishika" hajadai. Hapo ndipo nataka tukae sana.

Tafadhali, asiitwe mtu kafiri wala mjinga. Ya jana yaliniuma kweli.