YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAKADIRIO YA MSINGI WA NYUMBA YANGU, NZUGUNI

Nzuguni,
Dodoma.
12 Novemba 2024

Meneja,
Kitengo cha Makadirio ya Majenzi,
Dodoma.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyekuja ofisini mwezi Juni na ramani ya nyumba ya vyumba vitatu. Nikalipa shilingi 600,000 nifanyiwe makadirio, na baada ya siku nne nikakabidhiwa kitabu cha kurasa 22, kimefungwa vizuri kwa jalada la plastiki. Kitabu hicho kilisema msingi wangu, kuanzia kuchimba hadi kumwaga jamvi, yaani sakafu ya zege, utanigharimu shilingi 9,850,000. Jumamosi iliyopita ndiyo tumemaliza jamvi. Nimetumia shilingi 16,420,000 na risiti zote ninazo. Chache zimeloa jasho la fundi, lakini zinasomeka.

Kabla hamjanijibu kwamba vifaa vimepanda bei, naomba niseme mapema kuwa sivyo. Simenti mliandika 16,500, mimi nimenunua kwa 17,000. Kokoto mlipatia. Bei ni ya sokoni na hapo siwalaumu. Kinachoniuma ni vipimo, na kuliko vipimo, ni ardhi yenyewe, maana nina hakika kitabu changu kilikadiriwa kwa kiwanja cha mtu mwingine.

Fungueni ukurasa wa 6. Kuna mstari unaosema: kuvuta maji kwa pampu kwenye mitaro ya msingi, shilingi 450,000. Nilimsomea fundi mstari huo tukiwa saiti, mwezi wa saba, mtaro umekauka kiasi kwamba sululu ikigusa chini inatoa cheche. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka akakaa juu ya tofali, akasema, "Mama, hii karatasi imetoka Pwani." Nikadhani ni utani wa mafundi. Jioni nikakipitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, na chini kabisa ya ukurasa wa 9, kwa herufi ndogo, nikakuta: "Nyumba ya makazi, Kigamboni." Mlisahau kufuta.

Sasa, katika kurasa hizo hizo 22, hakuna hata mstari mmoja wa kununua maji. Mtaani kwetu bomba halijafika. Maji ya kukorogea zege, ya kulowanisha tofali, ya kumwagilia jamvi asubuhi na jioni, yote yameletwa na boza. Boza la lita 10,000 limeingia kiwanjani kwangu mara saba. Kwa hiyo mlinitengea fedha za kutoa maji yasiyokuwepo, na yale ninayoyahitaji nikayatafutia fedha mwenyewe.

Hilo la maji lingekuwa kichekesho tu kama lisingekuja la udongo. Kiwanja changu kiko bondeni na udongo wake ni ule mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia hadi kwenye kiwiko, masika unavimba na kunata kwenye viatu kama ugali. Kila mtu anayejenga Dodoma anaujua. Jina la mji huu lenyewe, Wagogo wanasimulia, limetokana na idodomya, yaani imedidimia, kwa ajili ya tembo aliyezama kwenye matope. Mmefungua ofisi kwenye mji wenye jina hilo na hamkuona haja ya kuchimba hata shimo moja la majaribio kabla ya kuandika "kina cha mtaro sentimeta 90". Tulipofika sentimeta 90 bado tulikuwa kwenye mfinyanzi. Changarawe ngumu tuliikuta kwenye mita moja na nusu.

Sentimeta 60 zilizoongezeka zinaonekana chache kwenye karatasi. Kuta zangu za msingi kwa jumla zina urefu wa mita 78, kwa hiyo ni mita za mraba karibu 47 za ukuta wa ziada ardhini. Na hapo linakuja la tofali. Mlihesabu tofali 10 kwa mita ya mraba, ambayo ni hesabu ya tofali la inchi sita likisimamishwa. Kwenye msingi, ndugu zangu, tofali hulazwa! Likilazwa zinaingia 14. Mlinipa tofali 936, nimetumia karibu 2,000. Kwa shilingi 1,500 kila moja, hapo pekee zimeondoka zaidi ya milioni moja na nusu.

Kisha mkaandika kwamba udongo utakaochimbwa "urudishwe na kushindiliwa" ndani ya msingi. Udongo wa mbuga, chini ya jamvi! Mvua ya kwanza ukinyonya maji utavimba na kuisukuma sakafu juu. Fundi alikataa katakata, akaniambia kama nataka arudishe udongo ule nitafute fundi mwingine. Ikabidi ninunue kifusi cha changarawe. Nafasi ya kujaza ilikuwa mita za ujazo 83, lakini kifusi kilichoshushwa na malori kilizidi 100, kwa sababu kifusi cha kwenye lori kina hewa na kikishindiliwa kinakaa. Nimejifunza hili nikiwa nimeshika risiti mkononi, ilhali ninyi mnaishi kwalo.

Zege la chini ya msingi nalo lilinisumbua usiku mzima. Upana sentimeta 60, unene sentimeta 20, kwa mita 78, ni mita za ujazo 9.36. Kwa mchanganyiko wa simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, mita moja ya ujazo inakula mifuko kama sita na nusu ya simenti, kwa hiyo ni mifuko 61. Ninyi mliandika 40. Nilipiga hesabu kinyumenyume nikagundua mlipima mzunguko wa nje tu, mita 50, kuta za ndani mkaziruka. Ajabu ni kwamba ukurasa unaofuata, kwenye tofali, kuta za ndani zimerudi. Inaonekana kitabu kiliandikwa na watu wawili ambao hawakusalimiana. Kwenye mkanda wa zege unaofunga kuta za msingi, wenye nondo nne za mm 12, mmeweka vipande 26 kamili, yaani mita 78 mara nne, ni mita 312, zigawanywe kwa mita 12 za urefu wa nondo moja, kana kwamba nondo zinaungwa kwa gundi. Kwenye maungio lazima zipishane, kwenye kona lazima zikunjwe. Zimeingia 30.

Nilipiga simu ofisini mara mbili. Mara ya kwanza nilijibiwa na kijana mpole sana kwamba ndiyo maana mliweka asilimia 10 ya dharura. Nikamwambia mwanangu, dharura ni mvua ikinyesha Agosti. Udongo huu ulikuwepo kabla ya Serikali kutangaza makao makuu yahamie hapa mwaka 1973. Mara ya pili nikaambiwa makadirio ni makadirio, hayawezi kuwa sahihi kabisa. Naafiki. Yangekosea kwa laki tano nisingeandika barua hii.

Mfahamu fedha hizi si za kuchezea. Mimi ni muuguzi, na nyumba hii najenga kwa mkopo wa SACCOS unaotolewa kwa awamu. Awamu ya kwanza ilipangwa kwa kufuata kitabu chenu. Ilipoisha, mtaro ulikuwa bado wazi na tofali hazijafika hata nusu. Nimeuza mbuzi wa mama yangu kule Bahi kumalizia kifusi, na mama hajaniuliza lolote, jambo linaloniumiza zaidi. Nilitaka Desemba, mvua zikianza, niwe nimeshaezeka. Sasa nitakuwa na jamvi tupu linalopigwa na mvua mpaka Aprili.

Naomba mambo yafuatayo, na sioni kama naomba makubwa. Mtume mtu mwenye uzoefu aje kiwanjani, apime upya boma (kuta), lenta na paa kwa gharama zenu, na vipimo vyote avitoe kwenye ramani yangu na kwenye ardhi yangu. Mnirudishie ile 600,000, kwa sababu kazi niliyoilipia haijafanyika. Na mnipe jina na namba ya usajili ya mkadiriaji majenzi aliyeandaa kitabu kile. Nimeutafuta muhuri wake kurasa zote na sikuuona. Nafahamu kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, iliyopo kwa mujibu wa Sheria Na. 4 ya mwaka 2010, na kwamba wanaofanya kazi hii wanapaswa kusajiliwa nayo. Nisipopata majibu ya maandishi ndani ya siku 14, barua hii pamoja na nakala ya ukurasa wa 6 na wa 9 nitaipeleka huko mwenyewe.

Nimeambatanisha nakala za risiti na picha nne za mtaro. Nje ya msingi, kwenye kona ya nyuma, nilimwomba fundi aache shimo moja la mita moja na nusu bila kulifukia. Nimelifunika kwa bati bovu na mawe mawili ili watoto wasitumbukie. Atakayekuja aje na futi, alifunue, aangalie mwenyewe rangi ya udongo.

Wenu,

Mteja wa kiwanja cha Nzuguni