Yah: Mizani 6 za maabara mlizotuuzia, tarakimu ya mwisho ni ya uongo

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sayansi, ndo niliyeweka oda ya zile mizani 6 za kidijitali za kutumia kwenye majaribio ya wanafunzi, na hii ni mara ya tatu nawaandikia. Mara mbili za kwanza nilitumia ile fomu yenu nikajibiwa kwa meseji fupi fupi, sasa leo nimeamua niandike barua yote kirefu ili mtu asome toka juu mpaka chini, maana naona kila anayepokea anasoma mstari wa kwanza tu halafu ananiambia nibadilishe betri. Betri nimebadilisha. Mara mbili. Tatizo sio betri.

Kwenye boksi mmeandika kwa maandishi makubwa kwamba mizani inapima mpaka gramu 500 na inasoma 0.01 g. Nilizinunua kwa sababu ya hiyo 0.01, hakuna sababu nyingine, zile za jikoni zinazosoma gramu moja moja tunazo tayari na kwa kazi za kawaida zinatosha. Ila majaribio ya shule mengi yanashughulika na vitu vidogo sana jamani, mtoto anaunguza kipande cha utepe wa magnesiamu ambacho hata robo gramu hakifiki, halafu anatakiwa aone kimeongezeka uzito kwa sababu kimechukua oksijeni ya hewani. Sasa hapo usipokuwa na mizani ya kueleweka hilo jaribio ni moshi na mwanga mkali tu basi.

Nianze na hilo hilo la magnesiamu kwa sababu hapo ndo nilipogundua. Hesabu yake inajulikana, gramu 24 za magnesiamu zinachukua gramu 16 za oksijeni, kwa hiyo ukiunguza 0.24 g vizuri mpaka iishe utabaki na unga mweupe wa 0.40 g, yaani imeongezeka 0.16 g. Makundi yangu sita, kila kundi na mizani yake, walikata utepe wa urefu uleule, wakaweka kwenye kikombe cha kauri chenye kifuniko, wakapima kabla na baada. Kundi la kwanza wakapata magnesiamu 0.25 oksijeni 0.10. Kundi la pili 0.20 kwa 0.20, yaani nusu kwa nusu. Kundi la tatu eti haikuongezeka kitu. Nikasema sawa, watoto hawa labda wameinua kifuniko sana moshi ukatoka, labda hawakuacha kikombe kipoe wakapima cha moto, maana kikombe cha moto kinapandisha hewa na mizani inasoma pungufu, hayo yote yanatokea na mimi nayajua. Tukarudia wiki iliyofuata kwa uangalifu, feni imezimwa, madirisha yamefungwa, vikombe vimepoa mpaka vikawa baridi kabisa. Majibu yakaja vilevile vururu vururu.

Safari hii lakini kundi moja wakaleta jibu zuri kupita kiasi, magnesiamu 0.24, oksijeni 0.16. Kamili kama kitabuni. Nikafurahi nikawaita mbele waelezee wenzao walifanyaje. Sasa binti mmoja wa kundi jingine, ni mtoto mkimya huyo wala hana makuu, akanyoosha mkono akauliza ticha mbona mizani yetu sisi tarakimu ya mwisho huwa ni sifuri au tano tu, wao 0.24 wameitoa wapi?

Nilinyamaza. Nikachukua madaftari yote sita nikakaa nayo mezani nikapekua kurasa moja baada ya nyingine, na kweli, vipimo zaidi ya mia moja, 41.35, 41.60, 38.05, 0.20, 0.25, hakuna hata kimoja kinachoishia na 4 wala 6 isipokuwa hivyo vya hao mabingwa wangu. Walipika. Walipoona hesabu haikubali wakafuta wakaandika ya kitabuni, na walikiri wenyewe, na mmoja akaniambia waliona bora hivyo kuliko kuonekana wajinga. Mwalimu mwenzangu alicheka sana nilipomsimulia. Mimi sikucheka sana.

Kwa hiyo mizani yenu inaruka kwa 0.05. Inaonyesha sehemu mbili baada ya nukta ila inahesabu 0, 5, 10, 15, basi. Hiyo sio mizani ya 0.01 na mnajua. Na kabla hamjaniambia 0.05 ni kidogo, angalieni mnachopima, oksijeni yote ya jaribio ni 0.16 na unaipata kwa kutoa kipimo kimoja kwenye kingine, kila kimoja na kosa lake, kwa hiyo unaweza kukosea theluthi nzima bila mtoto kufanya kosa lolote. Kopa salfeti ya bluu tulifanya pia, ukikausha 2.50 g unatakiwa upoteze maji 0.90 g hivi, hapo walau tulipata kitu kinachofanana fanana na ukweli kwa sababu namba zenyewe ni kubwa kidogo. Magnesiamu haiwezekani.

La pili, kujizima. Hili nalo jamani sijui mlimtengenezea nani. Mizani usipoigusa dakika tatu inajizima yenyewe. Kwa mtu anayepima kitu akaondoka ni sawa, ila kuna jaribio ambalo kila shule inafanya, la kuangalia kasi ya mmenyuko, unaweka vipande vya kalsiamu kaboneti kwenye chupa yenye asidi ya haidrokloriki, unaziba mdomo na pamba ili asidi isiruke lakini hewa ya ukaa itoke, unaiacha hapo hapo juu ya mizani na unasoma kila sekunde 30 kwa dakika kumi. Gramu 2 za kaboneti zikiisha zote zinatoa 0.88 g ya hewa, na watoto wanachora grafu wanaona inavyoshuka kwa kasi mwanzoni halafu inalala. Jaribio tamu sana hili. Sasa dakika ya tatu kioo kinazima. Ukiwasha tena inahesabu chupa nzima kama sifuri na mwanzo wako wote umepotea, na mmenyuko wenyewe hausubiri, huwezi kuuambia ngoja kwanza.

Niliwaandikia hilo. Mkanijibu, na meseji ninayo, "bonyeza kitufe chochote kila baada ya dakika mbili." Kitufe chochote! Vitufe viko vitatu, kimoja cha kuwasha na kuzima, cha pili kinarudisha sifuri, cha tatu kinabadili vipimo. Kwa hiyo ushauri wenu ni ama nizime mwenyewe, ama nifute kipimo, ama nigeuze gramu kuwa aunsi. Kundi moja walifuata ushauri wenu, wakabonyeza hicho cha tatu, chupa iliyokuwa inasoma 141.75 ikawa 5.00 ghafla, na wao wakaandika kwa utulivu kabisa kwamba imetoka hewa ya gramu 136.75 kwa sekunde 30. Grafu yao ninayo nimeibandika ukutani.

La tatu ndo limenichukua muda kulielewa na nadhani hata wahudumu wenu hawalijui. Tulikuwa tunaangalia spiriti inavyokauka hewani. Watoto wakaweka sahani ndogo yenye spiriti juu ya mizani, wakarudisha sifuri, wakakaa wanaangalia namba ishuke. (Hapo kila baada ya dakika mbili nilikuwa napita naigusa sahani kidogo kwa kidole ili isijizime, mjue tunavyoteseka.) Dakika kumi, 0.00. Robo saa, 0.00. Harufu imejaa chumba kizima, ukiangalia kwa macho spiriti imepungua, na mizani inasema hakuna kilichoondoka, na kijana mmoja akaandika hitimisho lake vizuri kabisa kwamba spiriti haikauki. Jioni nikabaki mwenyewe nikajaribu na chumvi, nikawa naidondosha punje punje taratibu mpaka kirundo kinaonekana, kioo 0.00. Nikaikusanya ileile kwenye karatasi nikaimwaga kwa mkupuo mmoja, 0.30. Ndo nikaelewa. Mizani ikiwa kwenye sifuri na uzito ukabadilika polepole, yenyewe inadhani ni sifuri yake imehama, inajirekebisha kimya kimya na kuumeza huo uzito. Najua kwa nini mmeweka hivyo, ni ili kioo kisichezecheze kikiwa kitupu mteja akaona kama mbovu. Sawa, ila basi andikeni! Kikaratasi chenu cha maelekezo kina ukurasa mzima wa kusema usimwagie maji na hakuna mstari hata mmoja kuhusu hili, wala namna ya kulizima. Sasa hivi nawaambia watoto warudishe sifuri sahani ikiwa tupu ndo waweke spiriti, hapo inakuwa mbali na sifuri na inasoma inavyopungua, lakini nimeligundua mwenyewe kwa chumvi saa kumi na mbili jioni.

Na kalibresheni, yaani kuirekebisha mizani kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Boksi linasema "imekalibretiwa kiwandani, iko tayari kwa matumizi." Kikaratasi cha ndani kinasema ikalibreti kwa jiwe la gramu 200 ambalo halimo ndani ya boksi. Kipi ni kipi? Mizani ya aina hii haipimi masi moja kwa moja, inapima jinsi kipande cha chuma kilichomo ndani kinavyopinda kwa kukandamizwa, yaani inapima nguvu ya mvutano wa dunia halafu inageuza kuwa gramu, na mvutano wenyewe haulingani kila mahali duniani, kwenye ikweta ni kama mita 9.78 kwa sekunde mraba na karibu na ncha za dunia ni kama 9.83. Tofauti ni nusu asilimia hivi, ambayo kwenye gramu 200 ni kama gramu nzima. Kwa hiyo hiyo ya kiwandani kwenu haiwezi kuwa ya kila mteja, lazima ikalibretiwe pale inapotumika, ndo maana ile mizani yetu ya zamani ya mhimili yenye vipande vya kusogeza haina shida hii, yenyewe inalinganisha masi na masi, mvutano unavuta pande zote mbili sawa. Ile ina umri kuliko mimi na bado inasema kweli.

Nikatafuta jiwe la gramu 200 la daraja la M1, ambalo kosa lake halitakiwi kuzidi miligramu 10, nikaliweka kwenye zote sita. 199.70, 200.35, 199.15, 200.00, 199.85, 200.60. Jiwe moja, meza moja, ndani ya dakika tano. Hapo msinisingizie mvutano, mvutano ungekosesha zote upande mmoja. Nikazikalibreti zote, zikakubali, nikalisogeza jiwe pembeni ya sahani badala ya katikati, tatu kati yake zikabadilika kwa 0.15. Mizani hazina miguu ya kuzungusha wala kile kipovu cha kuonyesha kama imekaa sawa, kwa hiyo tunaweka vikaratasi chini.

Jibu lenu la mwisho lilisema "matokeo tofauti mara nyingi husababishwa na matumizi yasiyo sahihi ya wanafunzi." Hilo ndo limenifanya nikae niandike barua hii. Miezi yote hii nilikuwa nasema hivyohivyo mimi mwenyewe. Nimewakata maksi. Nimewarudishia kazi, nimewaambia rudieni hamko makini, na walikuwa makini, na walichosoma ndicho kioo kilichosema. Yule binti maksi zake nimemrudishia na wenzake pia, ilinibidi nisimame mbele ya darasa niombe radhi.

Ninachotaka. Mzichukue zote sita mnirudishie hela, au mniletee zinazosoma 0.01 kweli kweli, zisizojizima au zenye namna ya kuzima huko kujizima, na kila moja na jiwe lake. Usafirishaji ni juu yenu. Na ile 0.01 iondoke kwenye boksi, muandike 0.05, kuna mwalimu mwingine sasa hivi huko anakata watoto maksi kwa sababu yake. Risiti, picha za vioo sita vyenye jiwe, na kurasa za madaftari bila majina nimeambatanisha. Waranti bado ina miezi minne. Naomba anijibu mtu ambaye amewahi kuishika hii mizani, ndani ya siku 14, nisipopata jibu napeleka kwa wanaosimamia vipimo na haki za walaji.

Mizani zimeshafungwa kwenye maboksi yake zinasubiri gari lenu. Betri nimezitoa, hizo nilinunua mimi.

Mwalimu wa Sayansi