Salamu za Shukrani: Mama Amerudi na Miguu Yake Miwili

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, assalaam aleikum, na wenzetu Wakristo Bwana asifiwe.

Sisi watoto sita wa mama, wa hapa Korogwe, tunawashukuru wote mliotushika mkono tangu jioni ile tulipotuma ujumbe wa kuomba msaada hadi Jumapili iliyopita, mama aliposhuka kwenye basi kwa miguu yake miwili. Tunasema miwili makusudi. Kuna wiki ulikuwapo mpango wa kuukata mmoja.

Wengi mlichanga bila kuuliza anaumwa nini. Wengine mliuliza na hatukuwa na jibu. Sasa tunalo, na ni haki yenu kulijua, hasa kwa kuwa mtaani palisemwa mengi: karogwa, ana donda ndugu, msikalie kiti chake.

Kilianza kama kijipu kwenye muundi wa kushoto, baada ya kukwaruzwa na kuni. Kikapasuka. Wiki mbili baadaye kilikuwa kidonda cha upana wa kisahani cha chai, kingo zake rangi ya zambarau na zimechimbika kwa ndani, na maumivu ya kumliza mama ambaye hatukuwahi kumwona akilia. Antibiotiki alimeza na kuchomwa za kila namna. Katika hospitali ya kwanza aliingizwa thieta mara mbili kukata nyama iliyokufa, na kila kilipokatwa kilirudi kipana zaidi. Ndipo tukaletewa karatasi ya kusaini mguu ukatwe.

Shukrani zetu za kwanza ni kwa muuguzi wa zamu ya usiku aliyemvuta dada yetu mkubwa pembeni akamwambia, "Mpelekeni Moshi kwanza." Pale KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi tangu 1992, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Daktari aliyempokea mama hakukimbilia kidonda. Alimuuliza kama vidole na magoti humvimba asubuhi. Humvimba, mwaka wa saba huu; sisi tulijua ni uzee. Akachukua kinyama kidogo ukingoni kwenda kupimwa, akatafuta kisukari, kifua kikuu, saratani na matatizo ya mishipa ya damu. Yote yalipokosekana, akatutajia jina: pioderma gangrenosumu.

Jina lenyewe linapotosha, alisema. Walilitoa madaktari wa Marekani mwaka 1930 wakidhani ni vijidudu vinavyoozesha ngozi. Kumbe si vijidudu. Ni kinga ya mwili iliyochachamaa na kuishambulia ngozi ya mwenyewe, na mara nyingi huandamana na ugonjwa wa viungo au wa utumbo. Hauambukizi. Huwapata watu wachache mno, ndiyo maana daktari anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona. Na kidonda chake kikichokozwa hukasirika: mkwaruzo wa kuni ulikiamsha, wembe wa thieta ukakichochea. Kwa hiyo hatuna kinyongo na waliomkata. Aonaye nyama inaoza hukata.

Dawa ikawa ni kuituliza kinga. Alianzishiwa prednisoloni, na kidonda kikafungwa taratibu bila kukwanguliwa. Siku ya nne mama alilala usiku kucha. Kaka yetu aliyekuwa akimuuguza aliamka kumgusa kama anapumua. Baadaye akaongezewa siklosporini, na hapo ndipo michango yenu ilipofanya kazi, kwa sababu bei yake ilitutoa jasho.

Tuliomba milioni mbili. Zilifika shilingi 2,640,000. Kamati imekwisha kuweka hesabu yote kwenye kundi la WhatsApp pamoja na risiti; kilichobaki ni cha nauli za kliniki na vipimo vya damu, sukari na figo, ambavyo atafanya kila akirudi Moshi.

Tunawashukuru kina mama wa kikoba waliosamehe marejesho yake ya miezi mitatu. Imamu na waumini kwa dua. Wanajumuiya wa mtaa wa pili waliokuja na unga na mkaa bila kutangaza. Wenyeji wetu wa Moshi waliompa kaka chumba, wakakataa hata hela ya umeme. Na wewe uliyetuma shilingi elfu moja ukaomba radhi kwa udogo wake: mama ametutuma tukuambie ameiona.

Mkimkuta uso umejaa, msimwambie amenenepa, wala msimwambie dawa zinamharibu aache. Ni hizo dawa, ndiyo, lakini haziachwi ghafla. Daktari atazipunguza kidogo kidogo. Kidonda kimefunga karibu chote. Kovu lina vitundu-vitundu, na mwenyewe anasema Mungu amemwachia chujio la tui mguuni.

Jumamosi baada ya alasiri kutakuwa na dua ya shukrani na pilau nyumbani. Hakuna bahasha wala daftari la michango mlangoni. Viti vyake vyote vinakalika.

Na aliyesahau chupa ya chai ya bluu siku ya kikao cha kwanza cha kamati, tunayo bado. Aje mkono mtupu, aondoke nayo imejaa.