Boma la Bagamoyo litengenezwe kwa chokaa: barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia kuhusu Boma la Mjerumani la Mtaa wa India, ambalo watangulizi wako walilitumia kama ofisi kwa miaka mingi. Ombi langu ni moja: kazi yoyote ya ukarabati pale, kubwa au ndogo, ifanywe kwa chokaa. Saruji isiguse kuta zile.

Boma lilikamilika mwaka 1897, wakati makao makuu ya koloni yalikwisha kuhama hapa Bagamoyo kwenda Dar es Salaam tangu 1891. Hata hivyo Wajerumani walijenga kwa kujionyesha: ghorofa yenye mabawa mawili, ua katikati, na juu ya kuta meno kama ya ngome. Miaka michache tu nyuma Bushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alikuwa amenyongwa kule Pangani, na watu wa pwani walipaswa kulitazama jengo lile na kujua nani anatawala. Lakini mawe ni matumbawe yetu, na kilichoyashika ni chokaa, kama nyumba za mawe zilizolitangulia hapa mjini.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliangusha sehemu ya jengo. Wengi tunaishia kulaumu mvua. Naomba mafundi wako walitazame jambo hili kwa undani zaidi. Matumbawe yana vitundu, hunywa maji na kuyatoa. Lipu ya chokaa huuacha unyevu utoke, ukuta ukakauka jua likiwaka. Ukiipaka saruji ngumu juu yake, maji yanayopanda kutoka ardhini hufungiwa ndani, na chumvi ya pwani hugeuka chembe zinazokula jiwe taratibu. Nje panaonekana papya, safi kabisa. Baada ya misimu kadhaa lipu inabanduka na ngozi ya jiwe. Nyumba kadhaa za Mji Mkongwe zimeumizwa hivyo na watu wenye nia njema, na inauma kuziona.

Najua chokaa ni kazi ya subira. Lazima ichomwe, izimwe kwa maji, ilowekwe muda mrefu, kisha ipigwe tabaka moja moja, kila moja ikikauka kivulini. Mkandarasi mwenye haraka hataipenda. Kwa hiyo sharti hilo liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, pamoja na sharti la pili: kila mwashi mzee anayeijua kazi hii apewe vijana wa hapa Bagamoyo wa kufundisha, na walipwe wote. Tukingoja, wazee hao watatutoka na ujuzi wao.

Na kabla ya masika, Mheshimiwa, tuma mtu apande juu akaangalie paa na mifereji ya maji. Hiyo haihitaji mfadhili.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Dunda, Bagamoyo