Majina Kwanza, Jiwe Baadaye: Harambee ya Kuwatafuta Wazee Wetu Walioenda Vitani

Bwana Yesu asifiwe. Kamwene nyote, mlio Mufindi na mlio mbali.

Mimi ni katibu wa kamati ya kumbukumbu ya usharika wetu, huku upande wa Malangali, mkoani Iringa. Kamati yenyewe ni ndogo: watu saba, madaftari mawili, na kopo moja la kakao lenye medali ndani. Naomba nianze na hilo kopo, fedha tutazifikia.

Medali ni ya babu mzaa mama. Alikwenda Keya, ndivyo wazee walivyoliita jeshi la King's African Rifles, na hakurudi. Bibi aliifunga kwenye kipande cha kaniki, akaitia ndani ya kopo, kopo akalipandisha darini kwenye moshi, likakaa huko mpaka bibi mwenyewe tukamzika. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme wa Uingereza, George wa Sita. Upande wa pili simba amemkanyaga joka. Mwaka jana niliitoa nje juani, nikaupitisha ukucha ukingoni pole pole, mzunguko mzima, nikitafuta jina. Hakuna kitu. Baadaye ndipo nikajua kwamba medali za vita vya pili vya dunia ambazo Uingereza iliwapa askari wake zilitoka kiwandani bila jina. Hii ya bibi ingeweza kuwa ya babu wa mtu yeyote.

(Kama nyumbani kwenu ipo ya vita vya kwanza, ile ya fedha, tafadhali usiisugue kwa mchanga. Hizo zilichongwa ukingoni namba, jina na kikosi, na ukiufuta ukingo umemfuta mtu.)

Jambo la pili tulilikuta kwenye kabati la ofisi ya usharika. Kitabu cha ubatizo, jalada limeliwa na mchwa, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Mbele ya jina la kijana mmoja, pembeni kabisa, mwinjilisti wa enzi hizo ameandika kwa penseli: "Amekwenda Keya." Basi. Safu ya ndoa tupu, safu ya kifo tupu. Tulipofungua kurasa nyingine tukaona penseli ile ile mara kumi na nne. Kumi na nne, kwenye kitabu kimoja, na hatujafika nusu kwa sababu kurasa zilizobaki tunaogopa kuzifungua kwa mikono.

Sasa, vita vya pili angalau vilituachia penseli. Vya kwanza havikutuachia hata hiyo, na vile vilipiganwa hapa hapa. Tarehe 24 Julai 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey, yaliyopanda kutokea Nyasaland (Malawi ya leo) na Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), yaliwashinda Wajerumani Malangali. Mwezi uliofuata wakaingia Iringa. Watu wakadhani yamekwisha. Oktoba, Wajerumani wengine wakatokea upande wa Tabora chini ya Jenerali Wahle, na mapigano yakarudi: Ngominyi, Malangali tena, Lupembe. Kila jeshi lililopita lilitaka chakula na lilitaka mabega. Askari mmoja hakuweza kula wala kupiga risasi pasipo wapagazi nyuma yake, na mpagazi alibeba mzigo wa kama kilo 25 kupanda na kushuka milima hii, mvua ya Novemba ikimnyeshea. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliondoka kwa kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi uliopikwa nusu kwa sababu ya haraka. Kwa upande wa Waingereza peke yake, makadirio ya kawaida ni wapagazi kama 95,000 waliokufa katika Afrika Mashariki. Ukishuka daladala Kariakoo, kumbuka jina hilo limetokana na kambi ya kikosi chao, Carrier Corps.

Mtu ataniuliza: walimpigania nani? Wengine Mjerumani, wengine Mwingereza, na zipo koo zilizokuwa na ndugu pande zote mbili. Wengi hawakuulizwa. Jumbe, mkuu wa kijiji wa enzi hizo, aliagizwa watu, akatoa watu. Kamati haitapanga majina kwa bendera, na nasema hivi mapema kwa sababu lilishazua maneno kwenye kikao.

Maneno makubwa zaidi yalikuwa ya jiwe. Wazee kadhaa, na nawaheshimu, wanataka tujenge mnara wa mawe mbele ya kanisa mwaka huu huu, tuandike "Kwa mashujaa wetu wote," tuombe, tule, tumalize. Mimi nilipinga na bado napinga. Jiwe la namna hiyo tayari lipo. Lipo Dar es Salaam, pale katikati ya mji, askari wa shaba ameelekeza bunduki yake mbele tangu mwaka 1927. Maandishi yake yanawaita wapagazi mikono na miguu ya jeshi, na yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu lote utafute hilo jina. Na minara mingine ya aina hiyo iko Nairobi na Mombasa.

Halikuwa sahau. Tume ya Makaburi ya Vita ya Dola ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina bila kujali cheo, iliamua kwamba kwa Waafrika wa huku mnara wa jumla unatosha. Aprili 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti na kukiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Radhi tumeisikia. Lakini aliyeko London hawezi kujua kwamba babu fulani wa huku kwetu alitaniwa kwa jina la mbwa wake, na ndilo alilojiandikisha nalo. Hayo anayajua shangazi mmoja wa miaka 88 huku kwetu, na shangazi hana miaka kumi ya kutusubiri.

Kwamba inawezekana, inawezekana. Januari 2025, Cape Town ilizinduliwa kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi 1,772 waliokufa wakitumika kwenye vikosi vya kazi vya vita vya kwanza, ambao majina yao hayakuwahi kuandikwa kwenye mnara wowote. Majina yalichimbuliwa kwenye nyaraka, moja moja. Na unajua wamewaandika juu ya nini? Nguzo za mbao ya mvule. Kila mtu nguzo yake. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu. Sisi wa Mufindi, watu wa mbao, tunahangaika na mawe!

Na subira si ngeni kwetu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikufa mwaka 1898, na fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, likarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka 56, mkataba wa Versailles, ule wa amani baada ya vita vya kwanza, ukiwa umelitaja kwa jina, na bado watu wakangoja.

Tutatafuta vipi? Kwanza midomoni mwa wazee. Mama mmoja wa kijiji cha jirani ametueleza kwamba baba yake "aliliwa na maji akienda kwenye mizinga." Kwa miaka yote familia ilidhani ni maneno ya kufariji watoto. Lakini tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives ikazama ndani ya dakika chache. Walikufa karibu watu 1,300, na ndani yake kilikuwamo kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hatusemi baba yake alikuwamo. Tunasema sasa tuna mahali pa kuangalia. Waliokufa vita vya pili bila kaburi linalojulikana wengi wana majina ukutani, Nairobi na Burma, na orodha ya tume inatafutwa bure kwenye intaneti. Shida ni tahajia. Karani wa Kiingereza alisikia Kalinga akaandika Karinga, akasikia Mgaya akaandika Ngaya, akaongeza "bin" hata kwa Mkristo. Vijana wetu wa kidato cha tano wamejitolea kutafuta kila jina kwa sura tano au sita. Pia tunataka kufika Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye mafaili ya wilaya ya enzi za Mwingereza. Barua tuliyoiandikia ofisi nyingine mwaka juzi jibu lake bado liko njiani, kwa hiyo safari hii tunakwenda kwa miguu yetu.

Familia za walioanguka vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, nanyi karibuni mlete majina, ingawa ndugu zenu wana makaburi Kaboya na kazi yenu itakuwa nyepesi.

Sasa fedha. Tunahitaji shilingi 6,000,000. Safari mbili za Dar kwa watu wawili, nauli, malazi na kunakili nyaraka, ni 1,800,000. Mafuta ya pikipiki na kinasa sauti cha kuwafikia wazee vijijini, 900,000. Kupiga picha vitabu vya ubatizo na kununua makasha yasiyopitisha mchwa, 700,000. Zinazobaki, 2,600,000, ni za mbao, fundi na kuchonga majina, na hizo hazitaguswa mpaka majina yasomwe kanisani Jumapili tatu na koo zenyewe zikubali. Posho haipo. Mjumbe aliyeuliza posho tulimjibu kwa heshima, na bado ni mjumbe.

Mpaka leo mkononi tuna 1,140,000, nyingi zikiwa za mnada baada ya ibada. Bado 4,860,000. Ukiwa mbali, namba ya kulipia kwa simu iko kwenye ubao wa matangazo na kwenye kundi la WhatsApp la usharika, na jina litakalotokea ni la usharika, si la mtu. Likitokea jina la mtu, usitume, matapeli wameshatusikia. Mtunza hazina anatoa stakabadhi hata kwa shilingi 500. Debe la viazi, ubao mmoja wa msindano, siku moja ya pikipiki yako, vyote tunapokea.

Na kama huna kitu, leta habari: jina aliloitwa nyumbani na alilojiandikisha nalo, jina la baba yake, kijiji, jumbe wa wakati huo, aliondoka baada ya mavuno gani, nani alileta taarifa ya msiba. Kipande (kitambulisho cha zamani), barua, picha iliyokatika kichwa, leta hivyo hivyo, tutapiga picha mbele yako na utaondoka nacho. Wengine wameniuliza kando kama hii si njia ya kurudisha tambiko kanisani. Mchungaji amesema kumtaja marehemu kwa jina lake si tambiko. Mimi sina la kuongeza.

Tunalenga kusimamisha nguzo za kwanza tarehe 25 Julai ijayo, Siku ya Mashujaa, siku moja baada ya ile tarehe ya Malangali. Zikiwa nguzo tisa, zitakuwa tisa.

Mnada unaofuata ni Jumapili ya mwisho wa mwezi. Yule jogoo mwekundu ambaye mwezi uliopita alinunuliwa mara tatu na kurudishwa mara tatu bado yu hai, analelewa nyumbani kwa mzee wa kanisa, na atapanda mezani tena.